Mlango Unaojifungua: Haki ya Fundi Mbele ya Mkaguzi wa Hataza

Mlango wa gari ni kitu ambacho kila mtu hukitumia na wachache hukifikiri. Askari atokaye kambi ya Makenke, Mbarara, kwenda kuwatazama jamaa zake Masha katika wilaya ya Isingiro, hupanda teksi ambayo mlango wake wa ubavuni huvutwa na kondakta. Mama mwenye mtoto mgongoni, mchuuzi mwenye mkungu wa ndizi, na mkimbizi arejeaye makao ya Nakivale na mfuko wake wa unga, wote huingia na kushuka kwa nguvu za mkono wa kijana mmoja. Mlango huo ukikwama kwa vumbi la barabara, safari husimama. Ukisukumwa kwa haraka, kidole cha mtoto huweza kupondeka.

Wakati huo huo magari yaliyokwisha kutumika huko Japani huingizwa Uganda kwa wingi, na baadhi yake, kama vile aina fulani za Toyota Noah, yana mlango wa ubavuni uendeshwao kwa mota. Dereva hubonyeza kitufe, na mlango hujivuta wenyewe juu ya reli yake. Gari likizeeka, kamba ya chuma ivutayo mlango huchakaa, na mwenye gari hana budi kumwendea fundi. Fundi huufungua ubavu wa gari, huitazama mota, gia na kamba, kisha hujiuliza: kwa nini teksi ya abiria 14 isiwe na mlango wa namna hii, kwa gharama ambayo mwenye teksi ataimudu?

Swali hilo ni jema, lakini liko la pili ambalo mafundi wengi hawajiulizi mpaka wamechelewa. Fundi akifaulu, kazi yake itakuwa mali ya nani? Jirani akiinakili kesho na kuiuza kwa bei ya chini, ni nani atakayemzuia? Majibu hupatikana katika ofisi ya hataza, na mtu ambaye kila mvumbuzi hana budi kupita mbele yake ni mkaguzi.

HATAZA NI MAPATANO

Hataza ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi ya kuwazuia watu wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze uvumbuzi wake bila ya idhini yake. Haki hiyo hudumu miaka 20 tangu siku ya kupeleka ombi, mradi ada za kila mwaka zilipwe. Lakini haitolewi bure. Mvumbuzi naye sharti aueleze uvumbuzi wake kwa maandishi na michoro, kwa ukamilifu hata fundi mwingine mwenye ujuzi aweze kuutengeneza kwa kuyasoma maelezo hayo. Hivyo umma hupata elimu, na mvumbuzi hupata ulinzi. Muda ukiisha, kila mtu yu huru kuutumia uvumbuzi huo.

Zamani jambo hili lilikuwa mbali mno na mwananchi wa kawaida. Kabla ya sheria ya hataza ya mwaka 1991, ulinzi wa hataza katika Uganda ulitegemea kuandikisha hataza ambayo ilikwisha kutolewa Uingereza. Fundi wa Ankole aliyebuni kitu alipaswa kwanza kukubaliwa London. Leo inatumika Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2014, na kazi hiyo iko mikononi mwa idara ya usajili ya Uganda, ijulikanayo kwa herufi URSB, ambayo ina tawi Mbarara. Mtu wa Masha hana haja ya kufunga safari ya Kampala ili apate maelezo ya mwanzo.

Aidha, Uganda ni mwanachama wa ARIPO, shirika la nchi za Afrika linaloshughulikia mali ya ubunifu, ambalo lilizaliwa kwa mapatano yaliyotiwa sahihi Lusaka mwaka 1976 na ambalo makao yake yako Harare. Kwa Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, ombi moja huweza kuchunguzwa huko kwa niaba ya nchi kadhaa ambazo mwombaji amezitaja. Ombi likikubaliwa, kila nchi iliyotajwa hupewa miezi sita ya kusema kama hataza hiyo haitakuwa na nguvu kwake.

MOTA YA WAIPA

Ili kazi ya mkaguzi ieleweke, na achukuliwe fundi wa kubuni tu, mwenye karakana ndogo kando ya barabara ya Masha. Fundi huyu anatwaa mota ya waipa kutoka gari bovu, kwa kuwa ni mota yenye nguvu, ya volti 12, na bei yake si kubwa. Anaifunga chini ya kiti, anaiunganisha na roda, anazungusha kamba ya chuma, na anaweka swichi mbili za kuizima mota mlango ufikapo mwisho wa reli. Dereva anabonyeza kitufe, na mlango unafunguka. Watu wa karakana wanapiga makofi.

Lakini siku ya pili fundi anaona hatari. Ndani ya mota ya waipa mna gia ya parafujo. Kwa kawaida mota huizungusha gia hiyo kwa urahisi, lakini gia haiwezi kuizungusha mota. Maana yake ni kwamba betri ikifa, au waya ukikatika, mlango hubaki ulipo kana kwamba umepigiliwa misumari. Teksi ikipinduka usiku, abiria waliomo watauvuta mlango bure, na wasamaria walioko nje watauvuta bure vile vile.

Fundi anafikiri juma zima. Mwishowe anatia pini baina ya gia na roda. Pini hiyo hushikiliwa mahali pake na sumaku ya umeme. Umeme ukikatika kwa sababu yoyote, sumaku huachia, chemchemi huivuta pini nje, na roda hubaki ikizunguka kwa uhuru. Hapo mlango husukumwa kwa mkono kama mlango wa siku zote. Hii ndiyo sehemu ya kazi yake iwezayo kuokoa maisha ya watu, na ndiyo sehemu ambayo huenda ikawa mpya kwa kweli. Lakini yeye mwenyewe hajui hivyo. Anaposhika kalamu anaandika kwamba amevumbua “mlango wa gari unaofunguliwa kwa mota.”

MASWALI MATATU YA MKAGUZI

Mkaguzi hamfahamu fundi, wala haulizi alitoka jasho kiasi gani. Kwanza hutazama kama karatasi zimetimia: ombi, maelezo, michoro, muhtasari, na madai. Madai ndiyo moyo wa ombi. Ni sentensi zinazotaja mipaka ya haki inayoombwa, kama vile mawe ya mpaka yanavyotaja mwisho wa shamba. Yaliyoandikwa katika maelezo lakini hayamo katika madai hayalindwi.

Kisha mkaguzi huanza kupekua. Hataza za dunia zimepangwa kwa mafungu ya kimataifa, kwa mujibu wa mapatano ya Strasbourg ya mwaka 1971. Milango na madirisha yaendeshwayo kwa nguvu za mashine yana fungu lake, E05F 15. Ndani yake mna vijifungu: yaendeshwayo kwa shinikizo la hewa au la mafuta, yaendeshwayo kwa umeme, na vifaa vya kuzuia mlango usimbane mtu au kitu. Humo mna maandishi kutoka Japani, Ujerumani, Marekani na kwingineko. Wala mkaguzi hafungwi na hataza peke yake. Kitabu, gazeti, au kitu kilichokwisha kutumiwa hadharani huweza kutolewa kuwa ushahidi, hata kiwe cha kale namna gani. Heron wa Aleksandria, aliyeishi yapata karne ya kwanza baada ya Kristo, aliandika jinsi moto wa madhabahu uwezavyo kupasha hewa, hewa ikasukuma maji, na uzito wa maji ukafungua milango ya hekalu. Wazo la mlango unaojifungua lina umri wa karibu miaka 2,000.

Baada ya kupekua, mkaguzi huuliza maswali matatu. La kwanza: je, kitu hiki ni kipya katika dunia nzima, si katika Masha au Mbarara tu? La pili: hata kama ni kipya, je, fundi wa kawaida wa kazi hiyo asingekifikia kwa urahisi kwa kuunganisha yanayojulikana? La tatu: je, kinaweza kutengenezwa na kutumika katika kazi au kiwanda?

Kwa dai la “mlango wa gari unaofunguliwa kwa mota,” swali la kwanza latosha kulimaliza. Milango hiyo ipo, nayo inapita barabarani mbele ya karakana. Mkaguzi atamwandikia fundi barua, akitaja maandishi aliyoyaona, na kumpa muda wa kujibu. Barua hiyo si hukumu ya mwisho wala si tusi, bali ni mwaliko wa kusema kwa usahihi zaidi. Wako wavumbuzi waionao barua ya kwanza kuwa ni mlango uliofungwa, wakaitupa. Muda wa kujibu ukapita na ombi likafa kwa kukosa jibu, si kwa kukosa uvumbuzi.

Fundi mwenye busara hurudi kwenye kazi yake na kujiuliza ni nini alichokifanya ambacho wengine hawakukifanya. Ndipo anapunguza dai lake. Sasa anasema: mlango wa ubavuni uvutwao kwa kamba, wenye mota ya gia ya parafujo, ambao baina ya gia na roda mna pini ishikiliwayo na sumaku ya umeme na kuondolewa na chemchemi umeme unapokatika. Mkaguzi aweza kujibu kwamba klachi ya sumaku imekwisha kuonekana katika milango ya magari, na pini ya chemchemi imekwisha kuonekana katika mageti. Hapo swali la pili ndilo linalobaki: kuviunganisha hivyo viwili kulikuwa dhahiri kwa fundi wa kawaida, au la? Fundi atajibu kwa hoja za kazi: kwamba klachi ile yahitaji mota ya aina nyingine iliyo ghali, kwamba yeye ameifanya mota ya bei ndogo, ambayo kwa asili yake ni hatari mlangoni, iwe salama, na kwamba pini yake hufanya kazi palepale umeme ukosekanapo, bila kumngoja mtu aivute. Akishinda, atapata haki nyembamba lakini imara. Asiposhinda, bado sheria huruhusu cheti cha uvumbuzi mdogo, ambacho hulinda maboresho ya namna hii kwa masharti mepesi zaidi na kwa muda mfupi kuliko wa hataza.

KALAMU KABLA YA MAONYESHO

Kosa kubwa kuliko yote halifanyiki mbele ya mkaguzi bali karakanani, miezi mingi kabla. Fundi hufurahi, huwaita rafiki zake, hupiga picha za simu na kuzisambaza. Kwa tendo hilo uvumbuzi umewekwa hadharani, na picha yake mwenyewe huweza kurudi mezani mwa mkaguzi kuwa ushahidi dhidi yake. Ziko sheria zinazompa mvumbuzi muda wa huruma baada ya kujitangaza, lakini nchi nyingine, hasa za Ulaya, hazisamehi hivyo. Njia ya salama ni moja: ombi lipelekwe kwanza, maonyesho yafuate. Akihitaji kumwonyesha mwenye fedha au mshirika kabla ya hapo, na wawekeane sahihi kwamba jambo hilo ni la siri.

Tarehe ya ombi la kwanza ina thamani kubwa. Kwa Mkataba wa Paris wa mwaka 1883, ambao Uganda imejiunga nao, mwombaji ana miezi 12 ya kupeleka ombi lake katika nchi nyingine wanachama, akihesabiwa kana kwamba alilipeleka siku ile ile ya kwanza.

Kinyume chake pia kina faida. Hataza haivuki mpaka wa nchi iliyoitoa. Kama kampuni ya ng’ambo ina hataza Japani lakini haina hataza yenye nguvu Uganda, fundi wa Mbarara aweza kuyasoma maelezo yake, ambayo yamo katika intaneti bila malipo, na kukitengeneza kifaa hicho kwa matumizi ya Uganda. Hawezi kukiita uvumbuzi wake, wala hawezi kukipeleka kukiuza kule ambako hataza ipo. Lakini elimu iliyomo ni halali yake. Maktaba ya hataza ni shule kubwa ya ufundi isiyo na karo.

HAKI YA MKIMBIZI NA YA ASKARI

Nakivale ni miongoni mwa makao ya wakimbizi yaliyo makongwe kabisa barani Afrika. Wakimbizi wa kwanza kutoka Rwanda walipokelewa huko tangu mwisho wa miaka ya 1950. Leo wamo watu wa Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko, na miongoni mwao wamo mafundi wa magari, wa umeme na wa kuchomelea vyuma. Wengi huamini kwamba mtu asiye raia hana haki ya kuomba hataza. Imani hiyo si sahihi. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1976, wasema katika kifungu cha 14 kwamba mkimbizi atapata, katika nchi anamoishi kwa kawaida, ulinzi ule ule wa uvumbuzi wanaoupata raia wa nchi hiyo. Kwa hiyo mkaguzi hana swali la nne lihusulo mahali alikozaliwa mtu. Mkimbizi aliyepoteza shamba na nyumba aweza bado kumiliki kitu ambacho hakikuhitaji kubebwa mgongoni wakati wa kukimbia, yaani matunda ya akili yake.

Kwa askari na polisi liko jambo la kuangaliwa. Uvumbuzi ambao mtu ameufanya katika kutimiza kazi aliyoajiriwa kuifanya, kwa kawaida huwa ni haki ya mwajiri, isipokuwa mapatano yao yaseme vingine. Jambo hili si la kinadharia tu. Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha gari la umeme la Kiira mwaka 2011. Baadaye shirika la Kiira Motors lilitengeneza mabasi ya umeme ya Kayoola EVS, na kazi ya kuyaunda ilifanyika katika kiwanda cha jeshi cha Luwero Industries, Nakasongola. Basi la mjini la namna hiyo halina kondakta wa kuvuta mlango. Dereva hubonyeza kitufe. Askari fundi abuniye jambo kiwandani katika zamu yake, na askari abuniye jambo nyumbani siku ya mapumziko kwa vyombo vyake, hawako katika hali moja. Yafaa kila mmoja aulize mapema, na aandike tarehe na mahali alipofanyia kazi.

HATAZA SI CHETI CHA USALAMA

Mkaguzi wa hataza hupima upya wa kitu. Hapimi usalama wake. Mlango waweza kuwa mpya kabisa na ukawa hatari kabisa. Usalama una vipimo vyake. Kanuni namba 107 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu mabasi na inayofuatwa katika nchi nyingi, yataka mlango wa mashine unaojifunga ujifungue tena ukikutana na kizuizi kabla ya kukibana kwa nguvu inayozidi nyutoni 150, yaani takriban uzito wa kilo 15. Yataka vile vile mlango uweze kufunguliwa kwa mkono, kutoka ndani na kutoka nje, gari likiwa limesimama, hata kama nguvu ya kuuendesha imekatika. Ofisi ya viwango ya Uganda, UNBS, ndiyo ya kuulizwa kuhusu viwango vya bidhaa. Fundi aliyeshika hataza mkononi bado hajapata ruhusa ya kufungia abiria mlango wake. Wala mwenye teksi asikubali neno “hataza” liwe badala ya kipimo.

MALI YA NYUMBA

Mwisho, hataza ni mali kama ng’ombe au kiwanja. Yaweza kuuzwa, kukodishwa kwa mtengenezaji mwingine kwa malipo, na kurithiwa. Lakini hufa upesi kuliko ng’ombe aliyesahauliwa, kwa maana ada ya mwaka isipolipwa haki hupotea. Katika nyumba za askari, ambao huhamishwa na kupelekwa mbali kwa miezi mingi, jambo hili ni zito. Mume akiwa safarini, au akifariki, karatasi zikabaki ndani ya sanduku ambalo mke hajui maana yake, familia hupoteza haki bila hata kujua kwamba ilikuwa nayo. Yafaa basi karatasi za ombi zikae pamoja na vyeti vya kuzaliwa na hati za shamba, na mke na watoto wakubwa waijue tarehe ya kulipa ada na ofisi ya kuiendea.

Fundi wa Masha, raia au mkimbizi, mwenye sare au asiye na sare, afikapo kwenye dawati la URSB huko Mbarara ataulizwa ni nini kilicho kipya katika kazi yake. Na aende akiwa amekwisha kuliandika jibu, kabla mtu mwingine hajauona mlango wake.